Kumnenepesha Bibie Bila Kumuua

Ukitaka chakula cha kuku Dar es Salaam huna haja ya kuuliza. Cha ng'ombe utaelekezwa. Cha mbwa kipo supamaketi, tena cha kopo. Nilipoingia duka la pembejeo Kibada nikasema natafuta chakula cha farasi, muuzaji alinitazama juu ya miwani, akamwita mwenzake aliyekuwa stoo, "Hebu njoo umsikie dada," wakacheka vizuri, bila ubaya, kisha wakanipa kiti nikae nieleze.

Sikuwalaumu. Unaweza kuzaliwa Dar, ukasomea Dar, ukaolewa Dar, na usimguse farasi hata siku moja. Wapo, ila wachache. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Wapo wa watu wenye nafasi, nyuma ya kuta ndefu. Na wapo wa kukodi, wa kumpandisha bwana harusi na kupigia picha ufukweni. Bibie alikuwa wa hao wa mwisho, mpaka biashara ya mwenyewe ilipokufa.

Mwenyewe simtaji. Aliondoka, akamwacha kaka mmoja mlinzi kwenye kiwanja huko Gezaulole, pamoja na farasi jike na ahadi ya mshahara. Mshahara ukaja, ukaja nusu, ukakoma, na simu ikawa haipatikani. Mlinzi hakuondoka, na hili nalisema hadharani kwa sababu kila aliyekuja kumwona Bibie alianza kwa kumlaumu yeye. Mtu halipwi, anakula kwa kibarua cha kubeba matofali, na bado kila jioni anamvutia mnyama asiye wake maji ya kisima. Kilichomshinda ni majani. Kiangazi kilikuwa kikali, na nyasi za kiwanja kile zilikuwa zimeliwa mpaka mizizi.

Mimi kazi yangu ni hesabu za maduka ya watu. Mifugo naijua kwa shangazi yangu wa Kibaha, aliyekuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Nikienda likizo nilikamua, nilitoa kupe, na nilikimbizwa na ndama. Nilidhani hayo yanatosha kuanzia. Kumbe farasi ana tumbo moja dogo na utumbo mrefu, hacheui, wala hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia. Ng'ombe unaweza kumpa chakula kibovu kidogo na tumbo lake likakisamehe. Farasi hana msamaha huo.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja mstaafu wa polisi aliyewahi kuwa saisi, yaani kazi yake ilikuwa kuwatunza farasi wenyewe. Mtaani kwake bado wanamwita Afande, na mimi nikamwita hivyohivyo. Nilipompigia hakuningoja nimalize kujitambulisha.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, binti. Amesimama au amelala?"

"Amesimama."

"Basi kazi ipo. Mpe maji. Chakula usimpe mpaka nifike. Umenisikia? Chakula usimpe."

Wakati ananiambia hayo, mama mmoja wa jirani alikuwa ameshaingia getini na nusu kiroba cha chakula cha kuku wa nyama, amekitoa kwa moyo safi kabisa. Ilibidi nimshike mkono. Alinitazama kama mchawi.

Afande alipofika ndipo nilipoelewa. Mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu anaishi kwa kujila mwenyewe, mafuta kwanza, kisha nyama ya misuli. Ukimmwagia wanga ghafla, pumba au mahindi, insulini inapanda, sukari inaingia kwenye seli, na ikiingia inavuta pamoja nayo fosforasi, magnesiamu na potasiamu za kwenye damu, ambazo zilikuwa haba tangu mwanzo. Zikishuka mno, moyo unapoteza mpangilio wake, misuli ya kupumulia inachoka, na farasi uliyemwona akila kwa raha Jumatatu anaanguka Alhamisi. Kwa binadamu madaktari waliliona jambo hili baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia: wafungwa walitoka kambini wakiwa mifupa mitupu, wakalishwa vizuri, baadhi wakafa. Kwa upande wa farasi, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilifanyia kazi swali la chakula kipi kianze, na jibu lao lilikuwa alfalfa, majani ya malisho ya jamii ya kunde, kwa sababu ina wanga kidogo, na fosforasi na magnesiamu zimo ndani yake. Unampa kama nusu kilo kila baada ya saa nne, usiku na mchana, siku tatu za mwanzo. Kisha unaongeza taratibu mpaka kama siku ya kumi ndipo anaachiwa majani ale atakavyo. Nafaka unaisahau kwa wiki kadhaa.

Aliyekulia nyumba inayofunga Ramadhani haelezwi zaidi ya hapo: adhana ikilia unaanza na tende na maji, biriani inangoja.

Alfalfa tuliipata Arusha, ikaja na basi marobota yamefungwa kwenye buti la mizigo. Mlinzi akaazima kwa muuza samaki mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, tukawa tunapima majani kwenye mfuko wa salfeti unaonuka kibua. Tuligawana zamu za usiku. Nusu kilo ya majani makavu ni kitu kidogo mno. Bibie alikuwa akiimaliza, analamba ndoo, kisha anaigonga kwa ukwato wa mbele, koh, koh, koh, akitukazia macho. Mlinzi alikuwa anageuka anaangalia ukuta. "Dada, huu si ukatili?" aliniuliza. Nikamwambia hata mimi unaniuma. Kumnyima mwenye njaa chakula kilichopo, naye anakuona umekishika, ni kazi ambayo sijawahi kupewa kabla, na nasema wazi kwamba ilikuwa nzito kuliko kwato, kuliko mavi, kuliko gharama. Huruma yote ya mtaa ule ilikuwa inataka kumlisha. Waliokuja na mkate walirudi nao. Waliokuja na ugali walirudi nao. Mpaka tukaambiwa tuna roho mbaya, na nyuma ya ukuta nilisikia mtoto akimwambia mwenzake kwamba yule dada anamnyima punda mkubwa chakula ili afe amzike.

Kumpima uzito nako kulikuwa na visa. Hakuna mizani ya farasi Kigamboni, ila ipo hesabu. Unapima mzunguko wa kifua kwa sentimita, nyuma tu ya miguu ya mbele, unauzidisha kwa wenyewe, unazidisha tena kwa urefu kutoka bega mpaka nyuma ya paja, kisha unagawa kwa 11,880. Unapata kilo. Futi ya fundi cherehani inaishia sentimita 150 na kifua cha Bibie kilipita hapo kidogo, kwa hiyo tulimzungushia kamba ya katani, tukaitia fundo, tukaipima chini. Ilitoka kama kilo 300. Kwa kimo chake Afande alisema alitakiwa awe na 400 zikipungua kidogo. Kuna na kipimo cha macho na vidole, alichokitengeneza Don Henneke kule Texas mwaka 1983, cha kuanzia 1 mpaka 9: unapapasa shingo, mabega, mgongo, mbavu na shina la mkia, unatafuta mafuta. Bibie tulimpa 2. Nilipoweka kiganja mgongoni niliweza kuhesabu pingili bila kubonyeza.

Jambo la mchanga sijalikuta likizungumzwa sana, na kwa mtu wa pwani ndilo la kuanzia. Ardhi ya Kigamboni ni mchanga mtupu. Farasi akilishwa chini, hasa akiwa na njaa ya kusafisha mpaka jani la mwisho, anameza mchanga, nao unatuama kwenye utumbo mkubwa kwa sababu ni mzito. Ukijaa unamletea msokoto wa tumbo unaoweza kumwua. Afande alichukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, akaikata shingo, akatia mafungu kadhaa ya mavi mabichi ya Bibie, akajaza maji, akakoroga kwa kijiti, akaiweka juani. Majani yakaelea. Maji yakawa rangi ya chai. Na chini, taratibu, ukajijenga utando mweupe wa mchanga uleule tuliokuwa tumeukanyaga, unene wa kidole. Tangu siku ile halishwi chini. Mlinzi alipata zulia la mpira la gari bovu, tukalitandika, na majani yanakaa kwenye nusu pipa juu yake.

Chakula alipoanza kuruhusiwa, ndipo elimu ya kweli ilipoanza, na karibu yote ilikuwa ya kukataa. Kile kiroba cha chakula cha kuku nilichokizuia bila kujua sababu? Vyakula vingi vya kuku wa nyama hutiwa dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, na mojawapo inaitwa monensini. Kuku haimdhuru kwa kipimo chake. Farasi inamharibu moyo, na kiasi kidogo tu kinatosha kumwua. Mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo nyumbani tunasema "haya yapelekeni kwa mifugo", yana sumu ya fumonisini ambayo farasi ndiye mnyonge wake kuliko mnyama yeyote wa nyumbani: inayeyusha ubongo, kwa maana ya neno lenyewe. Lusina, ule mti ambao wafugaji wa mbuzi wanausifia kwa protini, unapukutisha singa za shingo na mkia wa farasi na kuharibu kwato. Wafugaji wa ng'ombe walionishauri haya yote walikuwa wakisema kweli kuhusu ng'ombe na mbuzi wao.

Mabingobingo na pumba ni hadithi yake, maana ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi na ndivyo kila mtu atakavyokwambia ulishe. Majani kadhaa ya ukanda wa joto, mabingobingo yakiwemo, yana okzaleti inayofunga kalsiamu ili isisharabiwe. Pumba nayo ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Ukichanganya vyote viwili kwa miezi, mwili unaenda kuikopa kalsiamu kwenye mifupa, na mifupa ya uso inavimba na kulegea. Hatuyakatazi kabisa, tunayachanganya na nyasi nyingine na kuongeza chokaa ya mifugo. Nyasi kavu tunazitoa upande wa Kibaha, ambako lipo shamba la Serikali la malisho la Vikuge, na zinafika kwa kirikuu, marobota yamepangwa mpaka dereva haoni nyuma. Chumvi ya jiwe imening'inizwa kwenye nguzo. Maji anamaliza kama madumu mawili ya lita ishirini kwa siku, joto likipanda anaongeza, na maji ya kisima cha kiwanja kile yana chumvi, tulijua tulipoyaonja wenyewe. Sasa tunanunua ya boza.

Nikisema gharama mtaniona nimerukwa na akili. Mwezi mmoja wa Bibie unalipa chumba na sebule Mbagala. Kinachoniokoa ni wakulima wa mchicha wa bondeni, ambao wanataka samadi. Wanakuja na guta, wanapakia mavi yaliyokwisha kuoza, wanashusha majani mabichi. Biashara hiyo ilianzishwa na mlinzi. Ana kichwa cha biashara yule kaka, amekosa mtaji tu.

Kwato zilikuwa zimeota zikapinda kama ncha za viatu vya zamani. Ukwato unakua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na ulitakiwa ukatwe kila wiki sita mpaka nane. Nilitaka zikatwe zote siku moja aonekane nadhifu. Afande akasema mguu uliozoea kukaa hivyo, ukiuweka sawa ghafla unaumiza mishipa ya nyuma, kwa hiyo alikata kidogo, akaja akakata kidogo tena, kwa koleo na tupa yake ya zamani aliyoifunga kwenye kitenge. Kazi yangu ya kila siku ni kusafisha. Fundi wa kuchomelea alinikunjia ncha ya bisibisi ikawa ndoano butu. Unasimama begani, unaangalia upande wa mkia wake, unateremsha kiganja nyuma ya mguu mpaka chini, unabana kidogo, unasema "mguu". Katikati ya wayo kuna mnofu wa pembetatu, na pembeni yake mifereji miwili. Kwenye mifereji ile ndoano ilitoa uchafu mweusi, laini, wenye harufu ambayo ukishaipata huisahau, ya kitu kinachooza mahali pasipopata hewa. Tiba haikuwa na maajabu: pakavu, kusafisha, iodini, na pakavu tena.

Halafu meno. Bibie alikuwa anatafuna, anatafuna, kisha anaachia kinywani fungu la majani lililoviringwa kama sigara nene, limelowa, halijasagika. Mlinzi alidhani anachagua chakula. Daktari wa mifugo alipomfungua kinywa alinishika kidole akanipitishia pembeni mwa magego ya juu: makali, kama kioo kilichovunjika. Meno ya farasi yanaendelea kuchomoza karibu maisha yake yote, na kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, hayasagani sawasawa, yanaacha kingo zinazochana mashavu. Shavuni ndani alikuwa na vidonda. Yakapigwa tupa ndefu, sauti yake ikanipeleka moja kwa moja kwa fundi seremala. Ndani ya wiki mafungu yale yakakoma. Minyoo daktari aliiacha kwanza mpaka mwili upate nguvu kidogo, akapima kinyesi, ndipo akampa ivermektini kwa uzito ule wa kamba.

Kinachonitia hofu hadi leo ni usubi. Upo ugonjwa wa farasi wa Afrika, wa virusi, unaoenezwa na wadudu hao wadogo wanaouma magharibi mpaka alfajiri, na hauna dawa. Pundamilia anabeba virusi bila kuugua, punda naye mara nyingi hadhuriki. Farasi mara nyingi anakufa. Chanjo ipo, lakini kwa mtu mwenye farasi mmoja kuipata si kazi ya siku moja. Kwa hiyo jua likishuka Bibie anaingia bandani, na banda lina chandarua chenye matundu madogo kilichoshonwa na fundi wa mapazia. Ndiyo, farasi analala kwenye neti. Wapangaji wa nyumba ya pili wanapita usiku wanamulika tochi ili wahakikishe.

Afande alinifundisha na kumsoma akiwa mzima, ili siku akiumwa nijue. Mapigo ya moyo unayapata chini ya taya, 28 mpaka 44 kwa dakika. Joto la mwili nyuzi 37.5 mpaka 38.5. Ufizi unaubonyeza kwa kidole gumba, weupe unapaswa kurudi pinki kabla ya sekunde mbili. Na sikio unaliweka ubavuni kusikiliza tumbo: linanguruma, linatiririka, linabubujika. "Tumbo likipiga kelele, lala," aliniambia. "Likinyamaza, nipigie hata saa nane ya usiku."

Kuhusu kuzoeana naye nitakuwa mfupi, kwa sababu hakukuwa na miujiza. Mkono ukiinuka ghafla alikuwa anarusha kichwa, kwa hiyo mikono tuliishusha. Tulimwendea kwa ubavuni, maana mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia haoni, na tulizungumza tukiwa bado mbali. Nilikuwa nakwenda na ndoo ya kujigeuza kiti, nakaa, nasoma madaftari yangu ya hesabu, sina habari naye. Akawa anasogea. Asante ya punda ni mateke, wanasema, na nasubiri zangu, maana farasi ni ndugu yake. Hadi sasa ameishia kunitafunia risiti za mteja.

Mwili ulirudi kwa mpangilio wake mwenyewe, si ule nilioutaka mimi. Shingo ilijaa mapema, mbavu zikachelewa, na uti wa mgongo ndio wa mwisho. Masika yalipoanza nywele kuukuu zilitoka kwa vitita, chini yake ikaonekana rangi ya kahawia iliyokoza ambayo hata mlinzi hakuikumbuka.

Habari za kunawiri kwake hazikuishia Kigamboni. Nikapigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kama ndugu wa mwenyewe, mpole sana, ananishukuru kwa "kutushikia farasi wetu", anauliza lini waje na gari. Nilimwamkia vizuri. Tangu mwanzo nilikuwa nimempeleka mlinzi kwa afisa mifugo wa kata, hali ya Bibie ikaandikwa na kupigwa picha, mhuri ukagongwa, maana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008 na kumwacha mnyama bila chakula wala maji ni kosa, hata uwe umesafiri. Nikamweleza hivyo. Kisha nikamtumia kwa WhatsApp jedwali la gharama zote, mstari kwa mstari, kuanzia robota la kwanza la Arusha hadi neti, pamoja na mishahara ya mlinzi ambayo familia inadaiwa, nikaiweka juu kabisa. Nimeshasema kazi yangu ni hesabu. Alama mbili za bluu zilitokea palepale, na jibu halijaja.

Jumamosi Afande anakuja kwa kwato. Mlinzi amesema safari hii kamba anaishika yeye, na tupa anataka aanze kuijaribu, mguu wa mbele wa kushoto, kwa sababu ndio ambao Bibie anautoa bila kubembelezwa.